Punje Iliyopokea Jino

Kila siku akitoka shule, Mwanakombo alikula muhogo wake njiani, akachukua kombeo na kupanda dunguni, kile kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba, kulinda mahindi yasiliwe na ngedere. Ilikuwa Juni 1968, katika kijiji kimoja jirani na Madimba. Mahindi ya kula yalishavunwa. Ilibaki mistari minne tu, na hiyo Bibi Mwasiti hakutaka iguswe.

“Hiyo ni mbegu, mke mwenzangu,” alisema, maana ndivyo alivyozoea kumtania mjukuu wake. “Iache ikauke hukohuko kwenye bua. Ing'ate. Ikilia ka, vuna. Ikipokea jino, iache.”

Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu na meno yalishamtoka, hivyo alimtegemea Mwanakombo amwonee na kumng'atia. Nusu ya mbegu alishamwahidi Mama Luisa, jirani aliyevuka Ruvuma akikimbia vita, mikononi hana hata punje moja. Luisa mwenyewe alikaa dawati moja na Mwanakombo.

Wiki hiyo Mikindani kulikuwa na Maulidi, na shangazi Hamisa alikuwa anakwenda.

“Nenda naye,” Bibi alisema, “mbegu ikishakauka.”

Mwanakombo akapanda dunguni amenuna. Kesho yake akavunja hindi moja, akang'ata punje. Jino likazama. Aliiangalia ile alama ya jino lake vizuri kabisa, kisha akavuna mistari yote minne.

“Umeyang'ata?” Bibi aliuliza.

“Nimeyang'ata, Bibi. Yanalia.”

Bibi akayafunga mafungu mawili, yamebanana. Moja likaenda kwa Mama Luisa, la pili likatundikwa juu ya meko, moshi ufukuze wadudu.

Maulidi ilifana, tusifiche. Mwanakombo alikula pilau na kuimba mpaka sauti ikamkauka, na uongo wake haukumkosesha usingizi hata siku moja.

Desemba mvua zikaanguka. Alipoteremsha fungu, harufu ya uvundo ilimpiga usoni. Katikati punje zilikuwa zimesinyaa, zimeota ukungu. Hapo bado angeweza kusema. Akapukuchua mbali na Bibi, akafunga mdomo, wakapanda.

Siku ya kumi shamba lilikuwa tupu. Bibi alipiga magoti, akafukua shimo kwa vidole, akaminya punje. Ikapondeka.

“Mwanakombo,” alisema. Siku hiyo hakumwita mke mwenzangu. “Ulivuna mabichi?”

Mtoto akaanza kulia. “Ndiyo, Bibi.”

“Usinililie mimi. Twende kwa jirani.”

Walimkuta Mama Luisa amesimama na binti yake kwenye shamba lao, nalo tupu vilevile. Mwanakombo akasema yote, bila kuacha hata ile alama ya jino. Mama Luisa hakufoka, na bora angefoka.

“Kumbe,” alisema taratibu. “Mimi nilidhani ardhi ya huku imenikataa.”

Luisa alimtazama rafiki yake, akageuka, akaingia ndani.

Mzee Salumu wa Madimba alikubali kutoa mbegu kwa nyumba zote mbili, kwa sharti shamba lake lipaliliwe. Mwanakombo alilipalilia peke yake likizo nzima, viganja vikachubuka. Walipanda wamechelewa, kwa hiyo mavuno yangechelewa na kuwa kidogo. Shule zilipofunguliwa Januari, Luisa hakuonekana. Alikuwa akifanya vibarua na mama yake ili wapate unga.

Mwaka huohuo Maulidi ilifika, ikapita, Mwanakombo yuko dunguni. Aling'ata punje kila wiki mpaka zikalia. Ndipo akavuna, akambebea Mama Luisa nusu yake, Bibi akimfuata nyuma.

Mama Luisa alichukua punje moja, akaing'ata mbele yao. Ka!

“Kavu,” alisema, akapokea. “Ahsante.”

Luisa alikuwa uani anapepeta. Hakuinua uso.

Njiani kurudi Bibi alimshika mjukuu wake bega.

“Kuvuna mabichi lilikuwa kosa la siku moja,” alisema. “Ungeniambia siku ileile, tungekuwa na miezi sita ya kutafuta mbegu nyingine. Wewe miezi sita hiyo uliinyamazia. Shika hilo, mwanangu: kosa liseme lingali bichi. Mahindi tumepata mengine. Mwaka wa shule wa Luisa sijui tutaupanda wapi.”