Bonde Alilolikataa Ralitsa

Foleni ya gari la kebo pale Bansko, mji wa milimani Bulgaria, ilikuwa imefika hadi mlango wa duka la mikate. Yasen, msanifu majengo kutoka jiji la Sofia, aligeuka ghafla. Mbao zake za kutelezea thelujini zikampiga dada mmoja wa koti jekundu, na banitsa yake ya moto, mkate wa jibini, ikadondoka chini.

"Umekuja kuteleza au kuua watu?"

"Samahani, dada! Nitakununulia nyingine."

"Ninunulie mbili. Nina njaa na hasira."

Jina lake Ralitsa, mwongoza watalii, mzaliwa wa hapo hapo. Kwa siku nne alimpa Yasen siri za wenyeji: panda saa mbili asubuhi, shika upande wa kivuli, jua likifika utosini ondoka. Siku ya tano walishikana mikono bila glavu. Lakini kila Yasen alipolionyesha bonde jeupe lililokuwa nyuma ya miamba, uso wa Ralitsa ulibadilika.

"Huko, hapana."

"Mbona juzi ulikwenda na bwana mmoja wa ndevu? Ni nani wako?"

Ralitsa aliangua kicheko. "He! Mwanamume wa Sofia ana wivu!"

Kicheko kile kilimchoma Yasen. Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi upepo wa joto ulivuma kutoka kusini. Mapaa yalidondosha maji, na kutoka milimani likasikika guno zito, kama mtu anayegeuka usingizini. Ralitsa alinyakua simu, akampigia Yasen.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kule usikotaka nifike."

"Nisikilize. Usiteleze. Vua mbao, tembea taratibu hadi kwenye miamba. Yule wa ndevu ni mjomba wangu, Yasen! Mwokoaji. Tulikwenda kupima theluji, na tuliikuta mbovu, tayari kuporomoka."

"Rali... kuna ufa mbele yangu. Unapanuka."

Simu ikakatika.

Ralitsa na mjomba wake Strahil walimpata Yasen baada ya saa nzima, amekumbatia mwamba, midomo imegeuka buluu. Nusu ya mteremko ilikuwa imeporomoka hatua mbili tu kutoka miguuni pake. Nusu nyingine ilining'inia juu yao, ikidondosha vumbi jeupe.

Ralitsa alimzaba kofi, kisha akamkumbatia huku akilia.

"Nikuoe, Ralitsa?"

"Niulize tukifika chini. Sasa funga mdomo, tembea."

Walishuka mmoja mmoja, mjomba mbele. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Walipoingia kwenye misonobari, ambako poromoko halifiki, Yasen akamgeukia Ralitsa.

"Tumefika. Nauliza tena."

"Ndiyo," akasema Ralitsa, lakini neno lilimezwa na mngurumo. Theluji iliyobaki mteremkoni ilikuwa inaporomoka nyuma yao.

"Umesemaje?"

Hakurudia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akambusu, wakabaki pale wakitazama nyayo zao zikifunikwa, moja baada ya nyingine.