Anayegonga Mlango wa Paa

Chai ya saa nne iliharibika kwa vumbi. Speciose, mhudumu wa ofisi ya wakala mmoja wa serikali pale Biharamulo mjini, alikuta vikombe vyote vimeingia mchanga, ilhali madirisha yamefungwa. Vumbi lilitoka kwenye ngazi za paa. Huko juu kulikuwa na kiwanja cha helikopta, fahari ya wakubwa, ambacho sasa kilikuwa kimefungwa na mlango wake kuchomelewa.

Kilifungwa baada ya helikopta kuanguka porini. Rubani alipatikana amekufa. Idefonsi, mpima ardhi na mume wa Speciose, aliyekuwa amepanda naye, hakuonekana, si hai si maiti. Wakubwa walituma rambirambi na fundi wa kuchomelea kwa gari moja, maana wanajua kubana matumizi. Speciose alizikataa rambirambi. Alisema mumewe yu hai, na kila jioni alimwekea chakula.

Baada ya vumbi ikaja harufu ya mafuta yaliyoungua, kisha mlango ukagongwa kutoka juu.

"Speciose," sauti ya Idefonsi ikanong'ona, "nifungulie. Nimechoka."

Speciose alipiga chuma kile kwa viganja mpaka vikachubuka. Meneja, Bwana Theonest, akaagiza kikatwe. Juu hapakuwa na kitu ila jua. Wakachomelea upya, na kabla chuma hakijapoa, mlango ukagongwa.

Theonest akamleta Nahimana, mganga mzee kutoka Ntobeye. Bibi alinusa ngazi, akasema mtu ambaye maiti yake haikupatikana huzikiwa mgomba uliovikwa nguo zake, na hapo jini linaloazima sauti yake hukosa pa kushika.

"Nikimzika, bibi, nitakuwa nimemuua," Speciose alisema.

Alikataa kwa siku nyingi. Kisha sauti ikamwita Keza, binti yao mdogo, na mtoto akakutwa kwenye ngazi zile, anacheka, mkono kwenye kitasa. Hofu ya mama ikashinda tumaini la mke.

Alasiri wakachimba shambani kwa Speciose, kwenye udongo mweusi wa migomba, wakaulaza mgomba ukiwa na shati la Idefonsi, na kila jembe la udongo lilipoanguka makarani waliobaki ofisini walisikia mlango wa paa ukipigwa kwa ngumi, kwa mateke, kwa kitu kizito kuliko mtu, kasi ikizidi na harufu ikiwakaba koo, mpaka kaburi lilipojaa na jengo likawa kimya. Watu wakamshukuru Mungu.

Jioni warina asali wa Runazi waliingia uani kwa Speciose na machela. Walikuwa wamemwokota Idefonsi nyonga imevunjika, wakamuuguza kambini kusiko na mtandao. Alipoanza kunywa uji, wakaona wamrudishe kwake. Njia nzima alikuwa akizungumza habari za Keza. Walipokaribia mjini, alasiri ile, akaanza kukabwa, wasione anayemkaba, mpaka akakata roho.

Nahimana akafunua shuka. Mdomo wa marehemu ulikuwa umejaa udongo mweusi, mbichi, wenye nyuzi za mgomba.

"Lenyewe lisingemweza," alisema polepole. "Lilitaka mikono yetu."

Speciose akapiga magoti, akaanza kumtoa mumewe udongo mdomoni kwa kidole. Akatoa, akatoa, na udongo haukuisha.