Abiria wa Kiti cha Kushoto

Kengele ya mkanda ilianza kulia Osmund akiwa ametoka Tunduru, hajafika hata Namtumbo. Ti, ti, ti, na kijitaa chekundu kwenye dashibodi kikidai kwamba abiria wa kushoto hajafunga mkanda. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, hakina begi wala chupa ya maji. Osmund alikipiga kofi, kengele ikanyamaza, akaongeza mwendo huku akicheka peke yake. Nyumbani Songea alikuwa na Noah, gari la familia, na kwa miaka kumi ameliendesha kama mtu aliyetumwa dukani. Leo alikuwa na gari la pili, la michezo, milango miwili, jekundu, limeinama chini kama linanusa lami. Mtu aliyepata kitu kama hicho hana muda wa kusikiliza kengele.

Na asije akasema hakuambiwa. Mzee Muhsini, mfanyabiashara wa madini wa Tunduru aliyemuuzia, hakumficha neno. Alimkalisha kwenye benchi mbele ya mashahidi wawili, akazungumza polepole kama anayefungisha ndoa.

"Mwanangu, gari hili lina mgeni. Anakaa kiti cha kushoto. Alhamisi jioni mimi humfukizia udi, basi, hana maneno na mtu. Nakuuzia gari, na mgeni nakukabidhi. Umekubali?"

Osmund alikuwa anatazama rimu. Alikuwa Mkatoliki wa Mfaranyaki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na habari za majini aliziweka fungu moja na za wateja wake wanaofukia vitu kwenye msingi wa nyumba. Bei ilikuwa nzuri mno kuiharibu kwa ubishi.

"Nimekubali, mzee. Na mgeni wako nimempokea," alisema, akimkonyeza shahidi mmoja. Yule shahidi hakucheka.

Wiki hiyohiyo akalipeleka kwa fundi Aidan, Bombambili, likapambwe. Alitaka bomba la moshi lenye mngurumo, vioo vya giza, taa za buluu chini ya milango, na spika kubwa ya besi. Spika haikupata nafasi nyuma.

"Toa kiti cha kushoto, iwekwe hapo," Osmund aliagiza.

Aidan alifungua bolti tatu, akasita kwenye ya nne. Aliweka kiganja juu ya kitambaa, akakitoa haraka. Harufu ya udi ilipanda kutoka chini ya kiti, na ndani yake harufu nyingine ya udongo mbichi, ule unaotoka shimoni kwa wachimbaji.

"Bosi, kiti kina joto."

"Kimepigwa na jua."

"Gari limelala ndani tangu jana." Aidan alishusha sauti. "Ni kama mtu amenyanyuka sasa hivi. Huyo aliyekuwa amekaa hapa, atakaa wapi?"

"Atembee kwa miguu," Osmund akajibu, na gereji nzima ikaangua kicheko. Aidan peke yake hakucheka. Kiti kikatupwa stoo, nyuma ya nyumba ya Osmund, juu ya magunia ya saruji.

Jumatatu asubuhi Noela, mke wake, alikuwa anampeleka binti yao shule kwa Noah. Lidwina alikuwa na miaka sita na alikaa nyuma, kama kawaida. Kiti cha mbele, upande wa kushoto, kilikuwa kitupu. Kengele ikaanza. Ti, ti, ti.

"Mama," mtoto akasema, "huyu dada hajui kufunga mkanda. Nimfungie?"

Noela hakugeuza shingo. Aliendesha hadi getini kwa shule, akamshusha mtoto, akarudi nyumbani kwa miguu, gari akaliacha hukohuko barabarani.

"Baba Lidwina, ndani ya Noah mnanuka udi," alimnong'oneza mumewe jikoni. "Nani kafukiza udi kwenye gari langu?"

"Waya umelegea huo. Nitaukata."

Aliukata kweli. Kesho yake kengele ililia na waya ukiwa mfukoni mwake.

Siku ya tatu, mchana wa jua kali, Noela alikuwa akimwogesha mtoto uani alipoona alama, mstari mmoja wa rangi ya zambarau, upana wa vidole vitatu, umetoka bega la kushoto ukakatiza kifua hadi nyonga ya kulia, na alipougusa mtoto akavuta pumzi kwa shida, na pumzi ile ilipoingia nusu ikakwama, na kutoka upande wa Noah iliyozimwa, milango imefungwa, ufunguo ukining'inia kwenye msumari sebuleni, ikasikika kengele, taratibu, kama mtu anayegonga kidole mezani akisubiri chakula chake.

Hospitalini walipima, wakapiga picha, wakasema mapafu ni mazima. Kila asubuhi alama ilikuwa imeshuka ndani zaidi ya nyama. Lidwina alianza kulala ameketi wima, mgongo umenyooka, macho mbele. Osmund aliogopa. Aliogopa kiasi kwamba yeye mwenyewe, mwenye kucheka, ndiye aliyemfuata Bi Mwanne, tabibu wa majini aliyehamia Lizaboni kutoka Namasakata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama yule alifuatana naye hadi nyumbani kwake, ila hakuingia uani. Alisimama getini, akanusa, akavuta ushungi wake mdomoni. "Mwanangu, jini aliyevamia nitamfukuza. Huyu hakuvamia. Alikabidhiwa, ukampokea kwa mdomo wako mbele ya watu, kisha ukamnyang'anya kiti. Sasa anakaa anapopata."

"Nifanyeje?"

"Rudisha kiti chake. Alhamisi mfukizie. Ishi naye kwa adabu, mtoto atapona."

"Na nisipoweza kuishi naye?"

"Basi apokewe na mtu mwingine, kwa mdomo wake, kama ulivyompokea wewe."

Siku hiyohiyo Aidan aling'oa spika, akarudisha kiti. Alhamisi Osmund akafukiza, rozari mfukoni. Usiku ule Lidwina alilala chali kwa mara ya kwanza, na Ijumaa alama ilikuwa imefifia kama chai iliyomwagikia shuka. Mambo yangeishia hapo. Lakini kila Osmund alipoketi kwenye gari lile kengele ililia mara moja tu, kwa heshima, na harufu ya shimo ikamsogelea shingoni. Hakuweza. Aliweka tangazo la kuuza.

Mnunuzi alikuja kwa basi la Tunduru, kijana mpole aitwaye Saleh. Hakupunguza bei sana. Walikaa mbele ya duka mchana, vibarua wawili wa dukani wakawa mashahidi, wakaweka sahihi, fedha ikapokewa, ufunguo ukatoka. Hapo ndipo Osmund akasema, harakaharaka, akitazama chini:

"Nakuuzia gari, na kiti chake cha zamani, na mgeni wake nakukabidhi. Umekubali?"

Saleh alitabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja chai yake iletwe.

"Gari nimelikubali. Kiti nimekikubali. Mgeni simtaki, abaki kwako. Mashahidi mmesikia."

"Anakaa humo," Osmund akasema.

"Alikuwa anakaa humo. Mjomba Muhsini alikukabidhi yeye, ukampokea. Miaka minane tunamtafutia mtu wa kumpokea, sote tulikuwa tunaogopa kusema neno 'nimempokea'."

Osmund alishika mlango wa gari. "Ndugu yangu, nirudishie kiti basi. Kiti tu. Nina mtoto."

"Kiti nimekinunua, ndugu yangu. Umetia sahihi."

Gari jekundu liliondoka kwa mngurumo aliougharamia yeye. Halikutoa kengele. Osmund alikimbia nyumbani akiwa na kandambili mguu mmoja.

Noah ilikuwa uani kivulini. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Lidwina amekaa ndani na sare zake za shule, mgongo umenyooka, amejifunga mkanda. Pembeni yake, kwenye nafasi tupu, mkanda wa pili ulikuwa umevutwa na kufungwa, umekaza juu ya kitu kisichoonekana. Noela alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, akibonyeza kitufe cha mkanda wa mtoto, akibonyeza na kubonyeza, nao hauachii.

"Baba," Lidwina akasema kwa shida, pumzi nusu nusu, "dada anasema mkanda wake unambana. Anauliza leo utamkalisha wapi."

Osmund alimkimbilia. Kabla hajamfikia, mkanda wa pembeni ukafunguka wenyewe, na mtoto akainua mikono yake miwili, kama anayempisha mtu akae mapajani mwake.