Mvua Inapogonga Bati

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Minza alitoka nje na kutazama upande wa mashariki. Akiona anga jeupe, alirudi ndani akiimba. Akiona wingu, hata liwe dogo kama kiganja, alinyamaza, akavaa viatu na kufunga kamba mara mbili.

"Umeanza," alisema senge Benedikta asubuhi ile, huku akikoroga uji. Senge ndivyo Wasukuma wanavyomwita dada wa baba, na Minza alikuwa akiishi na senge yake huyo hapa Somanda, mjini Bariadi, kwa mwaka wa tatu sasa. "Wenzio wanatazama saa, wewe unatazama mawingu. Kula viazi vyako vya michembe uende shule."

"Senge, leo itanyesha?"

"Kwani mimi ndiye Mungu? Huu ni mwezi wa tatu. Ikinyesha, mpunga utashiba. Kula."

Minza alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa darasa la saba. Alipenda shule, na hesabu alizipenda kuliko wengi. Lakini darasani alikaa dawati la karibu kabisa na mlango, na mkoba wake hakuutundika kamwe. Aliupakata.

Saa nne hivi, wingu la asubuhi likafika. Darasa lao halikuwa na dari, bali mabati matupu, na mvua ilipoanza kuyagonga, mwalimu Damas aliweka chaki mezani na kukunja mikono. Mvua ya namna ile hata mwalimu mwenye sauti ya ngoma haishindi. Watoto walifurahi. Wengine walianza kupiga soga, wengine wakalaza vichwa juu ya madawati.

Minza hakuisikia mvua. Alisikia ngurumo nyingine, nzito, inayokuja kutoka mbali ikiburuta miti na mawe. Vidole vikawa baridi. Pumzi ikawa fupi. Alisimama.

"Pisheni, pisheni!" akapiga kelele Josia aliyekaa nyuma yake. "Treni ya Malampaka inaondoka!"

Darasa zima likaangua kicheko. Minza alikuwa amekwisha kutoka. Alikimbia kuvuka uwanja, akatoka getini, akaingia barabarani bila kutazama kulia wala kushoto. Bodaboda iliyokuwa inakuja ilifunga breki, ikateleza, ikaanguka ubavu.

Mwendesha bodaboda ndiye aliyemrudisha shuleni, amemshika mkono, wote wawili wamejaa matope.

"Mwalimu, huyu mtoto wenu nusura nimuue," alisema, akionyesha kiwiko kilichochubuka. "Nimepiga honi mpaka nimechoka. Hakuniona, hakunisikia. Macho yake yalikuwa mahali pengine."

Ilikuwa mara ya nne katika masika yale. Mwalimu Damas alimpigia simu senge Benedikta, na senge akampigia kaka yake kijijini.

Mzee Ngeleja, baba yake Minza, alifika kesho yake adhuhuri. Alikuwa mfugaji, mrefu, mtu wa maneno machache. Alikaa kwenye ofisi ya mwalimu na fimbo yake katikati ya magoti.

"Nimekuja kumchukua," alisema. "Akakae na mama yake. Mji huu utamuua."

Minza aliyekuwa amesimama karibu na kabati alihisi kama sakafu imezama. Mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa tisa. Akiondoka sasa hataufanya, na bila mtihani hakuna sekondari. Na nyumbani kwao kulikuwa hatua chache tu kutoka mtoni. 

"Mzee wangu," alisema mwalimu Damas, "kabla hujaondoka naye, mpitishe hospitali. Yuko muuguzi anaitwa Sia. Kazi yake ni kusikiliza na kutibu watu waliopatwa na makubwa, kama mafuriko, moto au ajali."

"Mwanangu si kichaa, mwalimu."

"Sijasema ni kichaa. Nimesema ameumia."

Senge Benedikta, aliyekuja na kaka yake, akaingilia. "Na watu wakituona tumekaa kwenye mlango wa wagonjwa wa akili? Kesho mtaa mzima utakuwa unajua."

"Mama Benedikta," alijibu mwalimu kwa upole, "jana pikipiki ilimkosa kidogo. Ingempata, mtaa mzima ungekuwa umekaa kwenu kwenye matanga."

Mzee Ngeleja alizungusha fimbo yake mara mbili tatu, kisha akainuka. "Twende. Lakini jioni tunapanda gari."

Muuguzi Sia alikuwa mtu wa Moshi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alipoona mzee anaingia alisimama na kuinamisha kichwa. "Mwangaluka, baba."

Mzee Ngeleja, kwa mara ya kwanza tangu afike mjini, akatabasamu. "Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "hiyo ni salamu ya asubuhi. Jua limeshapita kichwani. Sema mwadila."

"Mwadila, baba. Miaka miwili niko Bariadi, na bado nawaamkia watu mchana!" Sia alicheka, akawapa viti. Kisha akamgeukia Minza. "Mwalimu wako amenieleza kwa simu. Mvua inapoanza, mwili wako unakuwaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Walikuwa wakimuuliza, "Una nini wewe?" Minza alieleza: vidole, pumzi, ile ngurumo.

"Sikiliza," alisema Sia. "Huo si wazimu wala si mapepo, na wala si utundu. Uliwahi kuwa kwenye hatari kubwa, na mwili wako ukajifunza kukimbia ili uishi. Ulijifunza vizuri mno. Sasa mvua inagonga bati, na mwili haujui kwamba uko darasani. Unadhani uko kulekule. Hilo huwapata watoto wengi baada ya maafa, na laweza kukaa miaka. Linatibika. Siku ile ulikuwa na nani?"

Senge Benedikta alimtazama kaka yake.

"Mayu," alisema mzee Ngeleja, "jina la aliyekuwa naye kwetu halitajwi. Mzee wa ukoo aliagiza. Aliyechukuliwa na maji asiitwe, asije akaita wengine."

"Nimekusikia, baba. Simlazimishi mtu. Minza, ukitaka kusema sema, usipotaka tutakaa tu."

Wakakaa. Nje machela ilipita ikigongagonga magurudumu. Minza alitazama mikono yake. Miaka mitatu nyumbani hakuna aliyemtaja dada yake. Nguo zake ziligawiwa, kitanda kikatolewa, na Minza mwenyewe akaletwa mjini. Kila mtu alipomnyamazia, yeye alijua sababu: walikuwa wanajua alichofanya.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema.

Baba yake aliinua kichwa ghafla.

Maneno yakatoka, mwanzo matone, baadaye mkondo. Mto wao ni wa mchanga, miezi mingi hauna maji juu, na watu huchimba visima mchangani. Siku ile jua lilikuwa linawaka. Yeye na dada yake walishuka kuchota maji ya ndama. Mara wakasikia ngurumo kutoka juu ya mto, ambako mvua ilikuwa imenyesha bila wao kujua. Dada yake akamshika mkono, wakakimbia wakapanda ukingo. Walikuwa wameokoka.

"Ndipo nikasema, kata ya mama ya kuchotea maji tumeisahau." Minza alifuta pua kwa mkono. "Nililia, nikasema mama atatuchapa. Akarudi kuichukua. Ningenyamaza, asingerudi."

Senge Benedikta alijifunika uso kwa kanga. Sia alisogeza kiti chake karibu na cha Minza.

Mzee Ngeleja alikwenda dirishani. Aliwapa mgongo. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Niliyaona mawingu."

"Baba?"

"Asubuhi ile. Upande wa juu wa mto kulikuwa kweusi, na radi zinapiga. Mimi nimezaliwa kando ya mto ule, najua maana yake. Lakini ndama walikuwa na kiu, nikasema, watawahi kurudi. Mimi ndiye niliyewatuma." Aligeuka, uso umelowa. "Mzee wa ukoo alipokataza jina, nilishukuru. Nilijificha humo. Kila nilipokutazama wewe nilishindwa kusema, nikakuleta huku kwa senge yako nikidhani nakupunguzia mzigo. Kumbe nimekutwisha na wa kwangu. Mwanangu, hukumuua Limbu. Mtoto anayekumbuka kata ya mama yake hana kosa."

Alikuwa amelitamka. Limbu. Halikuita mtu, halikuvunja kitu. Minza alimkimbilia baba yake kifuani, na wote wawili wakalia bila haya mbele ya muuguzi.

Jioni ile mzee Ngeleja alipanda gari peke yake.

Kuanzia hapo Minza alikwenda hospitali kila Alhamisi baada ya vipindi. Sia alikuwa amerekodi mvua kwenye simu yake. Mwanzo waliisikiliza ikiwa chini kabisa, kama mtu anayepepeta mchele, kisha wakaongeza kidogo kidogo. Alimfundisha kukanyaga sakafu kwa nguvu, kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kisha kusema kwa sauti anachokiona: hii meza, huyu Sia, huu ukuta, niko Bariadi. Siku nyingine walizungumza tu juu ya Limbu. Wiki mbili Minza hakuona mabadiliko yoyote, akaota ndoto mbaya, akataka kuacha. Senge Benedikta, yule aliyeogopa mtaa, ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka. "Waache watazame," alisema. "Macho yao, miguu yetu."

Josia naye alimfuata siku moja uwanjani, akichora chini kwa kidole cha mguu. "Sikujua ya dada yako."

"Ungeuliza."

"Basi pole."

"Haya."

Katikati ya mwezi wa nne ikaja mvua kubwa, katikati ya kipindi cha hesabu. Mwalimu Damas akaweka chaki. Minza aliinuka, akafika mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili. Nyuma yake hakuna aliyecheka.

"Minza," aliita Josia kwa sauti kubwa kushinda bati, "ukitaka kutoka nakusindikiza. Nami nitakuwa nimezikwepa hesabu!"

Watu wakacheka, na Minza, akiwa bado ameshika fremu, akajikuta anacheka nao. Akakanyaga sakafu. Huu mlango. Yule mwalimu. Lile dawati langu. Mvua ilipokatika alikuwa amekaa, jasho linamtoka, kalamu iko mkononi.

Shule zilipofungwa, mzee Ngeleja alikuja kumjulia hali. Walikaa uani kwa senge wakila karanga, na Minza akamweleza ukweli wote: mvua tatu alizikalia, moja ilimshinda akatoka. Baba naye alimweleza kwamba nyumbani sasa wanamtaja Limbu. Mama yake alilia siku nzima, akala vizuri usiku wake. Hata mzee wa ukoo, alipoelezwa, alikubali kwa shingo upande.

"Ng'ombe akichomwa na mwiba kwatoni," alisema mzee Ngeleja, "hubaki nyuma ya kundi. Mchungaji mkali humchapa. Mchungaji mpole humwacha, akidhani kesho atapona mwenyewe. Wote wawili watampoteza. Anayejua kazi humlaza chini, akauinua mguu na kuutafuta mwiba, hata kama atapigwa teke. Miaka thelathini nimefanya hivyo kwa ng'ombe, nisikumbuke kufanya kwa mwanangu. Kumbuka hili, Minza. Mtu akipatwa na janga, miaka peke yake si dawa. Ukinyamaza, mwiba unazama. Ukisema kwa mtu anayejua kusikiliza, utatolewa. Na wewe ukimwona mwenzio amebaki nyuma, usimchape wala usimwache. Muulize anaumwa wapi."

Minza alitafakari huku akimenya karanga. "Baba, mwiba ukishatoka, ng'ombe anatembea sawasawa siku hiyohiyo?"

"Thubutu!" Mzee alicheka. "Atachechemea wiki nzima, pengine mwezi. Lakini anachechemea akiwa ndani ya kundi."