Bakuli la Bibi Oma

Kila siku baada ya shule, Tressa alivuka reli ya makaa ya mawe kwenda kwa jirani yao, Bibi Oma Lester, kuchukua bakuli. Kwao bondeni, mtu akiugua majirani humpikia. Mama yake, mtunza wazee, alikuwa ameumia mgongo akimwinua mgonjwa.

Bakulini mlikuwa na maharagwe na mkate wa mahindi. Chini ya mkate, ndani ya kitambaa, mlikuwa na vidonge vya maumivu alivyoacha marehemu mume wa Bibi Oma. Sheria mpya ya jimbo ilimruhusu daktari kuandika vya siku saba tu, na Bibi Oma aliiona haina huruma.

"Mgongo wa mama vipi, mwanangu?" Bibi Oma aliuliza.

"Bado unamuuma, bibi," Tressa alijibu akitazama viatu vyake.

Alikuwa anadanganya. Juzi tu mama alinyanyua gunia la viazi bila kuguna. Lakini vidonge vikichelewa, alitetemeka na kulowa jasho. "Sema bado unauma," alimwagiza. "Kama unanipenda."

Alhamisi Tressa alimkuta mama sakafuni, midomo imegeuka buluu. Alipiga yowe. Bibi Oma akaja mbio, akaita gari la wagonjwa, na mhudumu akampulizia mama puani dawa ya kuzimua vidonge vilivyozidi hadi akavuta pumzi.

"Amekunywa nini huyu?" mhudumu aliuliza.

Tressa alimtazama Bibi Oma. "Vidonge. Mgongo ulishapona, bibi. Nilikudanganya."

Bibi Oma aliketi kwenye ngazi.

Sheria ileile iliahidi tiba ya uraibu, ila kituo cha tiba kilikuwa kimejaa. Kila asubuhi Tressa alipiga simu. Mama yako ni wa kumi na nne kwenye foleni, walimjibu. Wa kumi na mbili. Wa kumi na mbili, tena.

"Nenda kwa Oma," mama alilia.

"Siendi, mama."

"Basi hunipendi."

 Tressa alimfuta jasho.

Siku ya kumi nafasi ilipatikana. Mama aliondoka bila kugeuka nyuma.

"Atapona, bibi?"

"Sijui, mwanangu. Ila anapumua, na anatibiwa kwa sababu ulisema kweli." Bibi Oma alikuwa amevipeleka vidonge vyote vilivyobaki polisi vikateketezwe. "Sheria ilifunga mlango wa daktari, mimi nikafungua wa jikoni, nikauita upendo. Dawa ya mtu haigawanywi kama mkate. Na mtu mzima akikutuma kusema uongo, hata awe mama yako, usiubebe peke yako. Njoo useme."

Akampa bakuli. Tressa aliinua mkate, akachungulia chini yake. Maharagwe tu.