Asifungue Maji

"Korongo kwa Sindano. Ua limechanua. Narudia, ua limechanua."

Sauti ya Korongo, kutoka makao makuu, ilimfikia Sindano sikioni. Goti lake lilikuwa mgongoni mwa adui, mdomo wa bastola yake ya Glock kisogoni pake.

Ua limechanua. Maana yake maabara imethibitisha: mtungi mtupu uliolala pembeni yao ulikuwa na sumu.

Walikuwa ndani ya kibanda cha pampu, chini ya tangi kuu la maji ya mji. Mtu huyu aliingia nchini akijiita fundi wa mita. Sindano alimwinda wiki nzima, lakini alichelewa kumnasa.

"Yote iko kwenye bomba la bondeni," fundi alisema, shavu likiwa juu ya saruji. Alikuwa anacheka. "Wameshakunywa."

Sindano alitazama kipimo. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Maji hayatembei.

"Ratiba ya mgao hukuisoma?"

Kicheko kikakatika.

Bondeni walipata maji mara moja kwa wiki. Hadi valvu ya mtaani kwao ifunguliwe, sumu ingesimama bombani. Lakini siku yenyewe ilikuwa leo. Na valvu ya hapa kibandani fundi alikwishaivunja kwa nyundo.

Sindano alimfunga pingu kwenye nguzo, akarukia Yamaha.

"Korongo, mpigie mfungua maji."

"Amezima simu. Siku ya mgao huzima, mji mzima humpigia."

"Yuko wapi?"

"Hata ofisini hawajui. Huanzia chemba ya valvu anayoitaka, watu wasimzonge."

"Droni?"

"Inaona mapaa na miavuli."

Pikipiki ilipiga kona, ikaacha alama ya tairi barabarani. Sindano alichomoa simu yake. Bondeni ndiko alikoishi mdogo wake, mwenye kichanga kinachonyonya chupa.

Alimpigia.

"Dada, nipigie baadaye. Leo mgao."

"Mfungua maji umemwona?"

"Tunaye hapa, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alijibanza kwenye gari la takataka, tukamnasa. Wewe kazi yako kuuza bima, maji yetu yanakuhusu nini?"

"Mzuie asifungue."

"Nimzuie? Nimemtafuta tangu alfajiri."

"Mtoto amekunywa?"

"Namsubirishia maji haya haya."

Sindano alifumba macho, akayafumbua upesi. Idara yake ya usalama ilikataza neno sumu kwenye simu ya kawaida. Na likisikika kwenye umati ule, watu wangekanyagana.

"Mdogo wangu. Kaa juu ya mfuniko wa chemba. Usinyanyuke hadi nifike."

Kisha ndoo ikagonga chini.

"Dada, sauti yako inatetemeka."

"Kaa."

Simu haikukatwa. Sauti za kule zilimfikia masikioni njia nzima.

"We mama, ondoka hapo."

"Sitoki."

"Ana wazimu huyu. Watoto wetu wanasubiri maji."

"Na wangu huyu hapa. Sitoki."

Mtoto akaanza kulia. Mfungua maji akasema taratibu, "Binti, nitakuinua, ujue."

"Niinue basi na mtoto wangu."

Sindano aliiacha pikipiki ikianguka yenyewe. Alipenya katikati ya ndoo na madumu. Mdogo wake alikuwa amekaa juu ya chuma kilichopata moto wa jua, kanga imemtoka begani, mtoto kifuani, ndoo yake ya bluu kando. Mtu alikuwa amemshika mkono anamvuta.

Sindano alimwonyesha mfungua maji kitambulisho, kwa kificho, usawa wa kiuno. Mzee yule akameza mate. Akamkabidhi ufunguo wake mrefu wa chuma.

"Leo maji hayatoki," Sindano aliwaambia watu. "Bomba limeharibika."

Alitukanwa na watu wa kila umri.

Mdogo wake alinyanyuka polepole. "Nimeungua. Nimetukanwa na mtaa mzima. Nieleze kwa nini."

"Siwezi."

Walitazamana. Mdogo mtu akautazama ufunguo, akalitazama koti lililofura kiunoni mwa dada yake. Akamfunika mtoto.

"Basi bima yako ni kubwa," alisema.

Sindano aliutia ufunguo begani, akaondoka. Kopo likatupwa, likamgonga mgongoni. Hakugeuka.

"Korongo. Bomba lizibwe pande zote, lisafishwe. Leta maboza ya maji safi bondeni."

"Yanakuja. La kwanza lisimame wapi?"

"Kwa mwenye ndoo ya bluu. Ana mtoto."