Kisanduku cha Kipyegon

— Toa hiyo kaseti, kijana.

Mzee Joab Atuti alinyoosha kidole kwenye kisanduku cha chuma kilicholala mbele ya viatu vya Kipyegon. Wazazi wa Kipyegon walikuwa wametoka Longisa kuja Kaplong kumposea kijana wao, na hata chai haijapoa mambo yameanza kwenda mrama.

— Hakuna kaseti, mzee.

— Jumapili nilisikia tarumbeta nne, na mpigaji ni wewe peke yako. Mimi nimefundisha kwaya miaka ishirini. Mtu wa kudanganya kanisani hawezi oa msichana wangu.

Nyambeki alisimama kando ya Kipyegon, birika mkononi. Miaka miwili amempenda huyu Mkipsigis wa mashavu ya kufura, na leo atamkosa kwa sababu ya kaseti ambayo haipo.

— Tata, mwache akuonyeshe, Nyambeki alimsihi baba yake.

Kipyegon alikuwa ameshaunganisha waya za kisanduku na spika kwa betri ya gari na kufunga maiki kwenye tarumbeta.

— Nikikanyaga hapa, inashika sauti ya saa hii, inairudia. Halafu mimi naongeza ingine juu yake.

— Maneno tu hayo. Nyambeki, mbele ya wageni, huyu unamtaka kweli?

Kwa haraka yake ya kupuliza, Kipyegon akakanyaga mapema.

— Namtaka, Tata.

Spika ikajibu: Namtaka, Tata. Namtaka, Tata. Namtaka, Tata.

Nyambeki alitamani ardhi immeze. Kipyegon alimtazama, akacheka, akainua tarumbeta. Akapuliza sauti nzito, akakanyaga, nayo ikabaki ikizunguka pamoja na maneno ya Nyambeki. Akaongeza ya pili, kisha ya tatu, akafungulia mwangwi hadi vikombe vikatetemeka mezani. Moyo wa Nyambeki ulikuwa unaruka kwa furaha. Mama yake Kipyegon alianza kupiga makofi. Kiatu cha Mzee Joab kilifuata mdundo chenyewe, na punde kidogo mzee akawa anaimba besi.

— Baba Nyambeki, kaseti iko wapi? mkewe alimchokoza.

Mzee alikohoa.

— Haya, nimekosea. Zima hiyo kitu tuongee mambo ya ng'ombe wa mahari.

— Nikizima, mzee, sauti ya Nyambeki inapotea. Hii kitu haiwezi kuiweka.

Mzee Joab alimtazama binti yake, macho yamelowa.

— Basi usizime. Tutaongea kwa nguvu.